Mchele wa Mguu

Jumatatu, 22 Aprili 1991
Ziwa la Ng'ombe

Dada Kulthum, niwie radhi. Tangu ulipomtia Nassor kwenye gari mwezi wa pili ukamleta kwangu, nami nikakuahidi barua kabla ya mwezi kuandama, mwezi umeandama, tumefunga, tumefungua, Idi imepita, na barua hujaiona. Si kukusahau. Kila nikishika kalamu Johari huamka. Meno yamtoka na hataki kuwekwa chini. Sasa nimenunua daftari la shule, nami nitakuandikia humu siku kwa siku, hata ikiwa ni mstari mmoja, na likitosha nitalitia kwenye basi la Kilifi. Usilisome kwa kuruka.

Mguu wa babake Johari umetolewa plasta wiki iliyopita. Umekuwa mwembamba kama wa mtoto, na goti halikunjiki. Daktari asema chuma kilichomo ndani kitatolewa mwakani, kwa kisu tena. Sikio la kushoto bado lavuma. Nassor akaa barazani tangu asubuhi, na pikipiki iko uani chini ya gunia, usukani umepinda, naye hata haitazami. Sanduku la vyombo vyake vya friji nimelisukuma chini ya kitanda. Ile hoteli ya Kikambala aliyokuwa akiiendea siku ile imeshapata fundi mwengine.

Kuna jambo hukulishuhudia kwa sababu ulikuwa umesharudi kwako. Pikapu iliyomgonga ni ya Mzee Badi, mwenye duka la saruji na misumari hapa Kisauni. Kabla ya Ramadhani alikuja kwetu na wazee wawili wa msikitini na dereva wake, kijana wa Kikamba aitwaye Mutua. Walileta gunia la mchele, sukari na doti ya leso. Mzee Badi akasema wamekuja kutaka radhi. Nassor, kalala kitandani, akawajibu, "Nimesamehe, dunia na akhera." Mikono ikanyanyuliwa, ikasomwa Fatiha. Mutua naye akanyanyua yake, akatazama huku na huku, akaitikia amina kabla ya wenziwe. Bi Dhahabu, jirani yangu, akajiziba mdomo kwa leso asicheke. Mimi sikucheka. Nalimchukia kijana yule hata viatu vyake.

Wakaenda zao, na mtaa mzima ukasema mambo yameisha kiungwana. Mchele tumeshakula nusu.

Jumatano, 24 Aprili

Masika yameingia. Ndoo mbili na sufuria chini ya makuti. Johari apiga makofi kila tone.

Jumanne, 30 Aprili

Leo nilimpeleka Nassor hospitali kunyooshwa goti. Alipoingia ndani nikabaki kwenye benchi na mwanamke wa Changamwe, ambaye mumewe aligongwa na lori. Akaniuliza, "Gari lenu lilikuwa na bima?"

"Sijui."

"Hujui, au hukuuliza?"

Nikamwambia tulisamehe. Akanitazama kama aliyeambiwa naishi bila kichwa. "Dadangu, stika iko kwenye kioo cha mbele. Kila gari lazima liwe na kampuni inayomlipa mtu likimuumiza. Mwenye gari hulipia bima yake kila mwaka. Sasa wewe umemsamehe dereva, na kampuni umeisamehe ya nini? Waijua?"

Siijui. Nimerudi na swali hilo njia nzima, na mpaka sasa ninapoandika liko nami kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

Baada ya chakula nilimuuliza Nassor. Akaweka kikombe chini pole pole.

"Mama Johari, nimesoma Fatiha mbele ya watu. Wataka nionekane natafuna maneno yangu?"

"Sitaki utafune kitu. Nauliza tu."

"Na mchele wao tumekula."

"Mchele ule ulikuwa bei ya mguu?"

Akakivuta tena kikombe chake. Nami nikaondoa sahani. Lakini dada, wanijua. Tangu utotoni ukinikataza kufunua chungu, nalala nikiota chungu.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua. Kitanda tumekihamisha mara ya tatu.

Jumamosi, 4 Mei

Nalikwenda dukani kwa Mzee Badi kununua misumari ya bati. Hatuna bati. Pikapu ilikuwa nje, na mimi nikaizunguka kana kwamba natafuta pa kuruka dimbwi, Johari mgongoni, nikafika kwenye kioo. Stika ipo, imejaa tope. Nikasogeza macho karibu.

"Mama, unatafuta nini kwa hiyo kioo?"

Alikuwa Mutua, na mfuko wa saruji begani.

Ningeweza kumwambia natazama uso wangu. Nikamwambia, "Nasoma."

Akautua mfuko. Akanitazama, akatazama dukani, halafu akatoa kitambaa mfukoni, akakitia kwenye maji ya mvua na kuipangusa ile stika mpaka herufi zikaonekana. Hakuniuliza la pili. Aliniuliza tu, "Fundi anatembea?"

"Kwa magongo."

"Usiku mimi nasikia ule mlio wa chuma," akasema. "Mke wangu ananiamsha."

Nimeandika jina la kampuni na nambari nyuma ya risiti ya misumari. Nikaondoka mbio, na misumari nikaisahau.

Jumapili, 5 Mei

Mutua alituma mtu kuleta misumari.

Jumanne, 14 Mei

Nimevuka daraja kwenda mjini. Nilimwambia Nassor waziwazi kabla ya kutoka: naenda kuuliza, si kushtaki, na kuuliza hakukatazwi na Fatiha yoyote niijuayo. Akasema, "Uliza, lakini usiahidi." Nikampikia uji wake, nikamwachia Johari. Bi Dhahabu akaahidi kuwatazama wote wawili.

Wakili niliyemwendea ni mwanamke, Bi Milcah, asili yake bara. Nalitarajia atanisemea Kiingereza, nikajitayarisha kuinamisha kichwa. La. Akanivutia kiti, akaniambia nieleze tangu asubuhi ya siku ile, nisiruke hata chai. Kila nikisema jambo auliza, "Umejuaje?" Mwanzo nilichukia, halafu nikapenda. Ni kama kufumua mshono: uzi mmoja wauvuta, na mwengine waja wenyewe.

Nimeyashika haya. Kweli kila gari lazima liwe na bima kwa ajili ya wale litakaowaumiza. Kesi huandikwa kwa jina la dereva na la mwenye gari, ila anayelipa ni kampuni. Mlango wa kesi huwa wazi miaka mitatu, na ukifungwa umefungwa, lakini mashahidi hawangoji miaka: huhama, husahau, hufa. Fidia si ya uchungu peke yake. Ni ya kazi aliyoipoteza, ya dawa, na ya kisu cha mwakani. Kiasi gani? Akasema wakili akikutajia kiasi siku ya kwanza, mkimbie.

Nikamweleza habari ya radhi. Nalidhani atacheka. Akauliza, "Mumeo alimsamehe nani?"

"Dereva. Na Mzee Badi, kwa kuwa ndiye aliyekuja."

"Basi hao abaki amewasamehe, sitaki awavunjie. Hakimu hatamuuliza Fatiha. Ila nisikilize, mama. Kampuni ya bima itakapopata habari itatuma mtu na karatasi ya kusema fundi hadai tena. Akiitia sahihi hiyo, hata mimi siwezi kumsaidia. Asitie."

Halafu akauliza kama Nassor alivaa helmeti.

"Alivaa. Ilipasuka ubavuni."

"Iko wapi?"

Dada, nikaona haya, lakini nikasema kweli. "Iko kwa dadangu Kilifi. Kuku ataga ndani."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha hakucheka tena. Akasema watadai hakuvaa, na kwamba yale ya kichwa alijitakia mwenyewe. Helmeti ile ndiyo itakayojibu.

Nalirudi mvua ikipiga. Nimemkuta Johari kashika benchi la barazani ncha moja na babake kashika ncha nyengine, wote wawili wajifunza kusimama. Bi Dhahabu akasema, "Tazama, hujui umkamate yupi kwanza asianguke."

Jumamosi, 18 Mei

Habari imefika kisimani kabla yangu. Mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Mama Johari, ule mchele wa mguu mmeumaliza, ndio mwatafuta mwengine?"

Wakacheka. Nami nikajaza ndoo yangu. Nikamwambia, "Umebaki. Ukitaka kuuonja njoo, lakini uje na goti lako tulitie chuma kwanza." Wakacheka tena, safari hii si kunicheka mimi.

Nyumbani nililia kidogo nyuma ya mlango, karibu na lile gunia. Sikumwambia Nassor. Siku hizi nikipima mchele wa kupika mkono wasita. Natamani kujua kama nakula radhi ama nakula goti la mume wangu, na hakuna wa kuniambia.

Jumatano, 22 Mei

Nassor kaniuliza, bila kunitazama, Bi Milcah alivaa nini. Halafu: "Na alisemaje tena kuhusu ile miaka mitatu?" Nikamwambia. Akaitikia "Mm" tu. Lakini ameuliza.

Jumamosi, 25 Mei

Hakuna. Kuchoka tu. Johari homa, Nassor kelele za sikio.

Alhamisi, 30 Mei

Siku ndefu, acha niiandike yote.

Baada ya adhuhuri walikuja wawili: Mzee Badi na bwana mmoja aliyevaa tai, viatu vyake kaviloweka mtaani kwetu mpaka vikageuka rangi. Ndiye mtu wa bima, jina lake Justus. Nikawatandikia mkeka barazani, nikaleta chai. Mzee Badi hakunitazama usoni. Yeye ni mtu mzima mwenye heshima zake, nami nimempigia shikamoo tangu nikiwa msichana, na leo nimempigia vile vile.

Bwana Justus akatoa karatasi. Akazungumza na Nassor kama anayemsemesha mgonjwa wa akili.

"Bwana fundi, kampuni inakupa pole. Tumeambiwa wewe ni mtu wa dini, ulishasamehe zamani. Hii ni kumaliza tu. Utapata kitu kidogo cha shukrani, unaweka sahihi hapa, na hapa."

Nassor akauliza, "Naweka sahihi ya nini?"

"Kwamba huna madai. Si ulisamehe?"

Mzee Badi akasema taratibu, "Fatiha tuliisoma humu humu, Nassor. Mimi sipendi jina langu litajwe mahakamani na mawakili wa umri wa wanangu."

Nikaona Nassor ashika kalamu. Wallahi, dada, aliishika. Naijua shingo yake, akiona haya huinama upande. Na hakuwa anafikiri pesa. Alikuwa akifikiri wale wazee wa msikitini.

Bwana Justus akaona mambo yaenda vyema, akaongeza, "Na tusisahau, tumeandikiwa ulikuwa mbio na hukuwa na helmeti. Mbele ya hakimu ungepata taabu."

Shingo ikanyooka.

"Sikuvaa nini?"

"Helmeti."

"Mimi?" akasema Nassor. Wamjua, huyu mtu hafungui friji bila kufunga mikono ya shati.

Nilikuwa mlangoni na birika. Sikupanga kusema. Swali lilikuwa limekaa nami mwezi mzima, likatoka lenyewe.

"Samahani, Bwana Justus. Nataka kujua tu. Siku ile ya Fatiha, kampuni yako ilikuwapo?"

"Vipi, mama?"

"Walikuja Mzee Badi, wazee na Mutua. Wote nawakumbuka walipokaa. Wote walinyanyua mikono, hata Mutua asiyejua alinyanyua. Kampuni yako ilikaa wapi? Maana mimi sikuiwekea mkeka."

Bwana Justus akazigeuza karatasi zake. Halafu huko ua wa pili Bi Dhahabu akakohoa, nikajua asikiliza.

Nassor akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ile ya Kikambala. Alicheka mpaka akashika ule mguu kwa maumivu, akaiweka kalamu juu ya karatasi na kuisukuma yote pamoja.

"Mzee Badi," akasema, "wewe ulikuja kwangu ukaomba radhi. Nimekupa, na siirudishi. Mutua aliomba, nimempa. Huyu bwana hajaomba radhi. Kaja kuniambia mimi mwongo, juu ya mkeka wangu. Nimsamehe nini, na yeye asema hakuna kosa?"

Bwana Justus akasema tutajuta, akasema mambo ya gharama na miaka. Nassor akamwambia anywe chai isipoe.

Mzee Badi alichelewa kuinuka. Alipofika mlangoni alisimama mbele yangu. "Mama Johari, umenitia kwenye kesi."

"Nimekutia kwenye karatasi, mzee. Bima umeilipia miaka yote, na haijakufanyia kazi hata siku moja. Iache ifanye."

Lakini hakukasirika kama nilivyodhani. Alitazama ile pikipiki uani, gunia lilikuwa limepeperuka, akaenda kuifunika vizuri kwa mkono wake. Sijui nimweke wapi mtu huyu. Nalimweka kwa wabaya, na amekataa kukaa.

Jumamosi, 1 Juni

Nassor asema hatatia sahihi kwa wakili kabla hajamwambia Mutua mwenyewe, uso kwa uso, kwamba jina lake litaandikwa. "Nisimwite ndugu leo, kesho apelekewe samansi ya mahakama."

Jumapili, 2 Juni

Tulikwenda, kwa magongo, tope mpaka kwenye kifundo. Mutua apanga chumba mtaa wa pili, na safari ile ilituchukua muda kama wa kwenda mjini na kurudi. Mara mbili Nassor alitaka kukaa chini. Sikumshika. Nilisimama tu karibu, kama nimfanyiavyo Johari.

Mkewe, Philister, alikuwa akisuka nywele. Alipotuona akashika kifua. Mutua akatoka, akasimama kama aliyeitwa na mwalimu.

Nassor akamweleza yote. Nalitazama uso wa yule kijana kutaka kujua woga utaingilia wapi. Uliingia, niliuona. Kisha akasema:

"Fundi, mimi nilikuwa napita lori pale kwa kona. Wewe ulikuwa upande wako. Na helmeti ulikuwa nayo, nilikuvua mimi mwenyewe kichwani, mimi na yule mpanda minazi anaitwa Baya. Hiyo nitasema popote."

"Na kazi yako?"

"Mzee akinifukuza atanifukuza." Akamtazama Philister. "Lakini nitalala."

Philister alirudi kusuka, akaukosea mstari, akaufumua. Nami nikaona kwamba miezi yote nimekuwa nikihesabu nyumba moja tu iliyovunjwa na siku ile.

Kuondoka, Nassor alimwambia Mutua kwamba friji ni nzito kwa mtu wa mguu mmoja na nusu, na kwamba akija kukosa kazi ajue hivyo. Basi. Wanaume husema hivyo.

Jumanne, 11 Juni

Bi Milcah amepokea sahihi ya Nassor. Karatasi ya polisi ya ile ajali, aliyoitaka Bi Milcah, tumeipata baada ya kuambiwa njoo kesho mpaka nikamzoea askari kwa jina. Mvua zapungua. Ndoo moja tu.

Jumanne, 18 Juni

Johari katembea! Hatua za kutosha kutoka benchi hadi kwa babake, na babake hakuwa ameshika gongo.

Idi ya kuchinja yakaribia. Nassor kaalika Mutua na Philister kuja kula nasi, na asubuhi alikwenda mwenyewe kumwalika Mzee Badi. Mzee alisema ataona. Mutua bado aendesha pikapu, ingawa asema siku hizi mzee hamsemeshi ila kwa mizigo. Kesi haijasikizwa, na Bi Milcah asema huenda ikafika masika ya pili au ya tatu. Yaweza kukosea njiani. Najua. Lakini Nassor jana alilitoa lile sanduku chini ya kitanda, akapaka vyombo mafuta.

Daftari limefika ukurasa wa mwisho, na basi latoka kesho asubuhi. Dada, haya ndiyo ninayoyataka, na uyatume kwa mtu umjuaye, usimpe utingo:

Helmeti. Mtoe kuku pole pole, mayai mwekee kwenye kapu. Usiioshe, usifute damu, usijaribu kuunga palipopasuka.

Picha ya mguu waliyoipiga hospitali ya kwenu, ile uliyoisimamisha dirishani. Itie katikati ya maboksi isikunjike.

Kadi ya kwanza ya matibabu, yenye tarehe, hata kama imelowa.

Shati lake la siku ile, kama hujalifanya tambara. Kama umeshalifanya, tuma tambara.

Jina kamili la Baya, yule mkwezi wa minazi, na la kijiji chake, na umwambie kwamba Bi Milcah atamwandikia. Mwambie asiogope, ataulizwa tu alichokiona, na nauli tutampa.

Na wewe mwenyewe, siku ya kesi, kwa kuwa ndiye uliyemlaza siku zile za kwanza na wajua alivyokuwa.

Mchele usitume. Umebaki wa kutosha sufuria ya Idi, na sasa naupima bila kusita.

Nduguyo,
Mama Johari